Vavilov: Aliyekusanya mbegu za dunia, akafa kwa njaa

MAMA yangu mzazi alivuka Ziwa Tanganyika mwaka 1972 akiwa msichana, na katika pindo la kitenge cha bibi yangu kulikuwa na fundo la mtama mwekundu. Miaka 36 baadaye, mwaka 2008, tulirejea Rumonge tukitokea makazi ya Mishamo, Tanzania, nilikozaliwa na kusomea. Mama alikuja na mtama ule ule, ambao alikuwa ameupanda na kuuvuna huko msimu baada ya msimu.

Mpakani ofisa mmoja alifungua mfuko wake, akauchungulia, akasema mbegu za nje huleta wadudu. Nusu ikabaki mezani kwake. Simlaumu, maana wadudu kweli huvuka mipaka bila kibali. Lakini tulipofika nyumbani ndipo mabishano hasa yalipoanza. Mama mdogo, ambaye hakukimbia, alileta suke la mtama wake akalilaza kando ya lile la mama. Punje zilikuwa nyekundu vile vile. Ila mtama wa mama ulikuwa mfupi, na msimu uliofuata uliiva mapema kuliko ule wa mama mdogo. Majirani wakasema huo si mtama wetu, ni wa Tanzania. Wengine walitusema hivyo hivyo sisi wenyewe.

Mimi ni mwalimu wa sayansi. Siku ile nilimkumbuka mtu ambaye mwalimu wetu wa biolojia alitusimulia kwa dakika chache tu, kisha kengele ikagonga. Nimekuwa nikisoma habari zake tangu hapo. Anaitwa Nikolai Ivanovich Vavilov, Mrusi. Wiki hii, ndugu msomaji, naomba nikusimulie maisha yake, kwa sababu swali la majirani zangu, la nani ni ndugu ya nani na ndugu hufanana kwa kiasi gani, ndilo alilolifanyia kazi maisha yake yote.

Mtoto wa mfanyabiashara

Vavilov alizaliwa Moscow Novemba 25, 1887. Baba yake, Ivan, alikuwa mtoto wa wakulima kijijini, akaja mjini akiwa mdogo, akajifunza biashara ya nguo na hatimaye kuwa tajiri. Alitaka wanawe wafuate nyayo zake, ndiyo maana Nikolai alipelekwa shule ya biashara. Kijana hakuvutiwa na vitambaa, akaingia chuo cha kilimo cha Moscow. Kazi yake ya kumalizia masomo ilihusu konokono wanaoharibu mashamba. Mdogo wake, Sergei, alisomea fizikia. Tutamkuta tena baadaye.

Mwaka 1913 alikwenda Uingereza kusoma kwa William Bateson, mmoja wa watu waliofufua kazi ya mtawa Mendel na kuipa elimu ya urithi jina la jenetiki. Huko alishughulika na ngano: kwa nini aina moja hushambuliwa na ugonjwa na nyingine, shambani hapo hapo, hubaki salama? Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka mwaka 1914 akarejea kwao.

Mwaka 1916 jeshi la Urusi lililokuwa Uajemi, yaani Iran ya leo, lilipata balaa la ajabu. Askari walikuwa wakila mkate kisha wanayumba kama walevi. Vavilov akatumwa kuchunguza. Aligundua kwamba unga ule ulichanganyika na mbegu za yale magugu yanayofanana na ngano, ambayo wasomaji wa Injili wanayakumbuka katika mfano wa mpanzi na adui yake. Kazi ilipokwisha aliomba ruhusa ya kuendelea na safari hadi milima ya Pamir.

Wafanyabiashara wa mipakani watacheka hapa. Walinzi wa mpaka wa nchi yake mwenyewe walimkamata na kumweka ndani siku kadhaa wakidhani ni jasusi. Kosa lake lilikuwa kubeba vitabu vya Kijerumani na daftari aliloliandika kwa Kiingereza. Msomi aliyesoma nje, akirudi na karatasi za lugha ya kigeni, mara nyingi hutazamwa hivyo.

Jedwali lenye nafasi wazi

Safari zile za milimani zilimfungua macho. Aliona kwamba katika mashamba ya ngano ya bondeni huota nafaka nyingine iitwayo rai, ndugu wa ngano, nayo huko ni gugu tu. Ukipanda mlima, baridi inaongezeka, ngano inadhoofika na rai inazidi. Ukifika juu kabisa ngano imekufa yote na mkulima anavuna rai peke yake. Gugu limegeuka chakula. Lakini kilichomshangaza zaidi ni kwamba rai hiyo ilikuwa na sura zote alizozijua kwenye ngano: ya punje nyeupe na ya punje nyekundu, ya suke lenye ndevu na ya suke lisilo na ndevu, inayowahi na inayochelewa.

Mwaka 1917, mwaka wa mapinduzi, alipata uprofesa katika mji wa Saratov ulio kando ya mto Volga. Hapo akaanza kupanga alichokiona katika jedwali. Upande mmoja aliandika majina ya spishi, na upande mwingine tabia zao. Kila alipojaza mstari wa ngano, ule wa shayiri ulielekea kujaa kwa namna ile ile, na wa rai pia. Juni 4, 1920 alisimama mbele ya mkutano wa watafiti wa mbegu mjini humo na kutangaza alichokiita sheria ya mifululizo inayolingana. Kwa maneno ya kawaida ni hivi: mimea iliyo ndugu hubadilika kwa njia zinazofanana, kiasi kwamba ukijua sura za mmoja, unaweza kutabiri sura za mwingine kabla hujaziona. Na kadiri undugu unavyokuwa wa karibu, ndivyo mfanano unavyozidi.

Waliokuwa ukumbini walimfananisha na Mendeleev, Mrusi mwenzao aliyepanga jedwali la elementi na kuacha nafasi wazi kwa zile ambazo hazijagunduliwa. Na kweli, jedwali la Vavilov nalo lilikuwa na nafasi wazi. Moja wapo ilikuwa ya ngano ngumu, ile ya kutengenezea makaroni. Ngano ya mkate ilijulikana kuwa na ndevu au kutokuwa nazo. Ngano ngumu ilijulikana yenye ndevu tu. Kama sheria ni ya kweli, ngano ngumu isiyo na ndevu ilipaswa kuwepo mahali fulani duniani.

Alipofika Afrika yetu

Wakati huo watu walikuwa wakifa. Njaa ya mwaka 1921 na 1922 katika bonde la Volga iliua mamilioni, na Vavilov aliiona kwa macho yake. Ndipo alipojiwekea azma: kukusanya mbegu za mazao yote ya dunia, ili mtafiti anayekosa tabia fulani kwenye ngano yake ajue ndugu yake wa mbali anayo wapi. Alihamia Petrograd, mji ulioitwa Leningrad kuanzia mwaka 1924 na leo unaitwa St Petersburg, akaongoza taasisi ya mimea. Mwaka 1924 alizunguka Afghanistan kwa farasi. Mwaka 1926 alitoa kitabu kuhusu vitovu vya asili ya mazao, akieleza kwamba kila zao lina eneo lake la uzazi, nalo utalitambua kwa wingi wa aina zake.

Mwanzoni mwa mwaka 1927 alikuwa Ethiopia. Aliingia kupitia Djibouti, akapanda treni hadi Addis Ababa, akakutana na Ras Tafari, ambaye baadaye alikuja kuwa Mfalme Haile Selassie. Kisha akaondoka na msafara wa nyumbu kuelekea vijijini. Kila penye soko alisimama na kuomba kununua nafaka, konzi kwa konzi, akiuliza jina, mlima na msimu. Wauza nafaka wa soko la Rumonge wangemwelewa mara moja.

Na huko, katika mashamba ya nyanda za juu, aliikuta: ngano ngumu isiyo na ndevu. Nafasi wazi ya jedwali lililoandikwa Saratov ilijazwa na mkulima wa Kiafrika ambaye hakujua kusoma jedwali, ila alijua kuchagua mbegu. Nikiwafundisha wanafunzi wangu sehemu hii huwa nasimama kidogo, kwa sababu ndiyo ninayoipenda kuliko zote.

Baada ya hapo alikwenda China, Japan, Korea, na nchi nyingi za Amerika. Kufikia mwaka 1940 ghala la Leningrad lilikuwa na sampuli zaidi ya 200,000. Halikuwa na mfano duniani.

Sheria yake leo

Vavilov hakuweza kujua kwa nini ndugu hufanana. Vinasaba havikuwa vimesomwa. Jambo hilo lilisubiri wengine, na hapa naomba uvumilie darasa fupi.

Tabia kama rangi ya punje inaweza kuendeshwa na jeni moja au mbili. Lakini uzito wa punje, urefu wa bua au siku za kuiva ni tabia za jeni nyingi, kila moja ikivuta kidogo, kama wavuvi wetu wanavyovuta wavu mmoja kwa pamoja. Ukiwa nchi kavu huwezi kujua nani anavuta zaidi. Watafiti hufanya hivi: huzalisha mmea mrefu na mfupi, kisha hupanda wajukuu wao kwa mamia. Kila mjukuu hupimwa shambani, na vinasaba vyake husomwa maabara kwa alama zilizotawanyika kwenye kromosomu. Wajukuu warefu wakionekana kurithi alama ile ile mara nyingi kuliko bahati nasibu, basi jirani na alama hiyo yupo mmoja wa wavutaji. Hivyo ndivyo ramani ya tabia inavyochorwa.

Mwaka 1995 watafiti walilinganisha ramani za mtama, mpunga na mahindi. Nafaka hizi tatu zina babu mmoja aliyeishi miaka zaidi ya milioni 50 iliyopita. Mtama ulifugwa na wakulima wa Afrika, mpunga wa Asia, mahindi wa Amerika, bila mmoja kujua habari za mwenzake. Hata hivyo, jeni zenye nguvu katika ukubwa wa punje, kupukutika kwa punje na wakati wa kuchanua mara nyingi zilikutwa sehemu zinazolingana katika ramani za zote tatu. Mwaka 2012 ilionyeshwa kwamba jeni moja inayofanya punje za mtama pori zipukutike chini imeharibika katika mtama wa shambani, na kwamba jeni ndugu yake imebadilika pia katika mpunga na mahindi. Wakulima wa mabara matatu, kwa kuokota tu masuke yasiyomwaga punje, walikuwa wamegusa jeni ile ile.

Faida yake ni kubwa kwa mtu maskini. Mpunga umesomwa kwa fedha nyingi sana kuliko mtama au ulezi. Kinachopatikana kwenye mpunga kinamwonyesha mtafiti wa mtama aanzie wapi kutafuta, badala ya kupapasa gizani. Si kwamba kila mfanano unatokana na jeni ile ile, la. Mara nyingine ndugu wawili hufika mahali pamoja kwa njia tofauti, na si kila nafasi wazi ya jedwali ina wa kuijaza. Lakini wazo la msingi limesimama: ukikosa kitu nyumbani, mwulize ndugu.

Mtu aliyeahidi upesi

Turudi kwa Vavilov, maana nimemwacha kileleni na sasa anaanza kushuka. Mwaka 1929 alikuwa rais wa kwanza wa chuo cha sayansi za kilimo cha Umoja wa Kisovieti. Serikali ya Stalin ilikuwa ikiwanyang'anya wakulima mashamba, na mwaka 1932 na 1933 njaa iliua tena mamilioni. Stalin alitaka mbegu mpya kwa haraka. Vavilov alieleza ukweli, kwamba kuzalisha aina mpya ya ngano huchukua miaka mingi.

Hapo akajitokeza Trofim Lysenko, mtoto wa mkulima kutoka Ukraine. Alidai kwamba kwa kulowesha na kupoza mbegu angeweza kubadilisha tabia ya ngano yenyewe, na mabadiliko hayo yakarithiwa. Jeni, kwake, zilikuwa uzushi wa mabepari. Lazima niseme bila kuficha: mwanzoni Vavilov mwenyewe alimsifu na kumfungulia milango. Alidhani ni kijana mwenye kipaji anayehitaji kusaidiwa. Alipotambua kosa lake, Lysenko alikuwa na sikio la Stalin, na mwaka 1938 alikalia kile kiti cha urais.

Vavilov hakunyamaza. Mwaka 1939 wanajenetiki wa dunia walimchagua kuwa rais wa mkutano wao uliofanyika Edinburgh. Serikali yake ilimzuia kusafiri.

Agosti 6, 1940 alikuwa kwenye safari ya kukusanya mimea karibu na Chernivtsi, eneo ambalo Wasovieti walikuwa wamelichukua kutoka Romania mwaka huo huo. Watu walikuja na gari jeusi wakasema anahitajika Moscow haraka. Wenzake walipofungua mkoba aliouacha walikuta konzi ya ngano ya zamani aliyoiokota siku hiyo.

Alihojiwa miezi kumi na moja, akalazimishwa kukiri ujasusi na hujuma. Julai 9, 1941 alihukumiwa kifo. Majeshi ya Ujerumani yalipokaribia Moscow wafungwa walihamishwa, naye akapelekwa gereza la Saratov, mji ule ule alikoitangazia dunia sheria yake. Adhabu ikapunguzwa kuwa miaka 20, lakini mwili ulikuwa umeshaisha. Alifariki gerezani Januari 26, 1943 kutokana na njaa na maradhi yake, akiwa na miaka 55. Akazikwa katika kaburi la pamoja.

Mkewe Yelena na mtoto wao Yuri walikuwa wamehamishiwa Saratov kwa sababu ya vita. Walikuwa wakituma vifurushi vya chakula Moscow, wakiamini yuko huko. Hawakujua kwamba yumo ndani ya mji waliolala. Sisi tuliotengana na wazazi na ndugu katika ukimbizi, habari hii hatuhitaji kufafanuliwa.

Ghala lililolindwa

Wakati yeye anakufa Saratov, Leningrad ilikuwa imezingirwa na Wajerumani. Mzingiro ule ulidumu siku 872 na watu mamia ya maelfu walikufa kwa njaa. Ndani ya taasisi ya Vavilov kulikuwa na tani za mpunga, mahindi, ngano, karanga na maharage. Wafanyakazi walizilinda dhidi ya panya, baridi na wezi, na hawakuzila. Dmitri Ivanov, mtunza mpunga, alikufa akiwa amezungukwa na maelfu ya pakiti za mpunga. Alexander Shchukin, mtunza karanga, alifia mezani kwake. Liliya Rodina, aliyetunza shayiri ya farasi, naye alikufa. Hawakuwa peke yao.

Wanafunzi wangu huuliza kama walifanya vema, maana mtu ni bora kuliko mbegu. Sijawahi kuwapa jibu la haraka. Huwaambia tu kwamba bibi yangu, usiku wa kukimbia, angeweza kusaga lile fundo la mtama na kuwalisha wanawe uji mara moja. Hakulisaga.

Mwaka 1945, miaka miwili baada ya kifo cha Nikolai, Stalin alikubali Sergei, yule mdogo wake, awe rais wa Chuo cha Sayansi cha nchi nzima. Mwaka 1955, Stalin akiwa amekwisha kufa, hukumu ya Nikolai ilifutwa na mahakama. Lysenko alianguka mwaka 1964 na mwaka mmoja baadaye aliondolewa katika taasisi aliyoiongoza. Taasisi ya St Petersburg leo inaitwa kwa jina la Vavilov, na ghala lake bado lipo.

Mtama wa mama na wa mama mdogo tuliupanda mistari pembeni kwa pembeni, katika nusu ya shamba tuliyogawana na familia tuliyoikuta imekaa pale. Hadi leo tunaupanda. Mwaka mvua zikichelewa, wa mama unatuokoa kwa kuwahi kuiva. Mvua zikiwa nzuri, wa mama mdogo unajaza gunia. Watoto wa familia ile nao wanaujua kila mmoja kwa jina, na majirani waliokuwa wakibishana sasa wanakuja kuomba mbegu, kila mmoja akichagua kulingana na shamba lake.

Nawe unayepita mpakani na magunia, kabla hujauza punje ya mwisho ya mbegu ya kijiji fulani, muulize mwenye nayo inaitwaje, inatoka mlima gani na inavumilia nini. Uandike. Vavilov alifanya hivyo katika mabara matano, na alianza kwa maswali hayo hayo matatu.

Mwandishi wa makala haya ni mwalimu wa sayansi wa shule ya sekondari, Rumonge. Alisoma Tanzania na kurejea Burundi mwaka 2008.